Sekenke: Tulikwenda Kutafuta Mgando Mkali

Ukiolewa na mtu aliyekulia kwenye ng'ombe, jiandae. Utampikia pilau atakula, utamchomea samaki atakusifia, lakini siku ukimwekea mtindi mezani utasikia: "Mzuri, ila sio wenyewe." Nimeishi na hilo jibu miaka minne. Nimejaribu wa pakiti, nimejaribu wa ndoo pale sokoni, wapi! Siku moja nikanunua jibini ya Cheddar, ile kali, kwa bei ya kutia uchungu. Akatafuna taratibu, akanyamaza, kisha akasema, "Huu ukali unakaribia ule wa kibuyu cha bibi."

Basi Juni tukafunga safari. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na nesi wa kliniki alishaniambia maziwa mabichi nisiguse, maana yanaweza kuleta brusela. Mume wangu naye alikuwa akiota yale yale mabichi ya utotoni. Tulibishana kuanzia Dodoma mpaka Singida mjini, kila mmoja akiwa na hoja zake na hakuna aliyeshuka.

Kutoka Singida barabara ya kwenda Nzega inapita Iguguno, kisha Misigiri, halafu nchi inakatika ghafla. Hapo ndipo Sekenke. Unasimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa na chini yako umelala uwanda wa Wembere, mpana mpaka macho yanachoka. Madereva wa zamani wa malori ukiwatajia huu mlima wanatikisa kichwa. Kabla ya lami ya miaka ya 2000 kona zake zilikuwa habari nyingine. Ukishuka, joto linakupokea kama mtu aliyefungua mlango wa jiko.

Wengi wanaijua Sekenke kwa dhahabu. Wajerumani waliichimba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, vita ilipowabana, waligonga kule Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo kwa dhahabu ya hapa. Zilitoka kama 16,000 hivi, na leo wakusanyaji wanazisaka kwa udi na uvumba. Sisi tulikuwa na dhahabu yetu nyeupe ya kutafuta.

Shangazi wa mume wangu anaishi chini ya mlima, upande wa Shelui. Tulipoeleza shida yetu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, unajua kwa nini maziwa ya bibi yako yalikuwa makali?"

Mume wangu akasema ni ule moshi wa kufukizia kibuyu. Shangazi akakubali kuwa moshi unachangia, unaleta harufu na kusaidia maziwa yasiharibike. "Lakini ukali ulikuwa njaa," akasema.

Akatueleza. Kiangazi ng'ombe walikuwa wanapelekwa mbali Wembere kufuata majani, nyumbani anabaki mmoja au wawili. Wanatoa kikombe asubuhi, nusu kikombe jioni. Bibi alikuwa anamimina hicho kidogo juu ya cha jana, siku hadi siku, akisubiri kibuyu kijae ili wajukuu wote wapate. Mpaka kijae, ya chini yana wiki nzima na zaidi, na kwa joto la huku yamechachuka vibaya sana. Masika maziwa yalipojaa, walikunywa mgando wa siku mbili, mpole kabisa, kama huu wa pakiti. Huo mume wangu haukumbuki hata kidogo.

Alikaa kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu upya vikombe vya bibi yake, na kujiuliza yeye bibi alikunywa nini.

Nikakumbuka ile Cheddar. Nayo ukali wake ni muda: maji yanakamuliwa, chumvi inatiwa, jibini inalazwa, na iliyolala mwaka mzima inauma ulimi kuliko ya miezi mitatu.

Kuhusu ugomvi wetu, Shangazi aliumaliza bila kujua. Yeye huchemsha maziwa siku zote, anayaacha yapoe mpaka uvuguvugu, ndipo anatia kijiko cha mgando wa mkupuo uliopita, maana yakichemshwa hayagandi vizuri yenyewe. Alikuwa na kibuyu cha siku ya sita. Aliposukasuka na kumimina, maji yalitangulia, kisha yakafuata mapande mazito karibu kama jibini laini. Nilipiga funda moja, masikio yakasimama! Nikaomba sukari, wakanicheka. Mume wangu alikunywa vikombe vitatu, vya sukari wala asiulizie.

Wewe wa mjini unaweza kujaribu: chemsha, poza, tia kijiko cha mtindi mzuri usio na sukari, funika kwenye chombo safi. Kesho yake utakuwa umeganda. Ukitaka ukali, vumilia siku kadhaa, ila ukiona ukungu au harufu ya kuoza, mwaga.

Tulipoaga, Shangazi alinipa mimi kibuyu kidogo, sio yeye. "Mkwe, usikioshe kwa sabuni." Nilikipakata mapajani, na kwenye kona za Sekenke mume wangu aliendesha taratibu kuliko alivyowahi kuniendesha mimi na mimba yangu.