Tiara ya mdogo wangu

Mama alinituma Paje nikamlete mdogo wangu. Hakusema nikamsalimie. Nikamlete. Alinisindikiza mpaka stendi ya Tunduma, sweta juu, kanga mbili juu ya sweta kwa ile baridi ya Julai, na neno lake lilikuwa hilo hilo mpaka basi linaondoka. Zaidi ya kilometa 900 hadi Dar, boti hadi Unguja, daladala hadi pwani ya mashariki. Njia nzima napanga hotuba.

Hotuba yenyewe ilikuwa fupi. Mama aliuza kiwanja cha Mpemba ili kijana asome (Mpemba ya kwetu Tunduma, watu wa Pemba hawahusiki). Kijana akaacha chuo mwaka wa pili, akatokomea Zanzibar. Baada ya miezi ikaja picha kwenye simu: yuko juu ya maji, ananing'inia kwenye kitu kama mwamvuli. Mama aliitazama weee. "Hiyo ndiyo kazi?" Halafu, kwa sauti ya chini: "Nani kamfundisha kuogelea?" Sisi ni watu wa mpakani. Tumekua tukitazama foleni ya malori ya Zambia. Bahari tuliisoma kwenye jiografia.

Nilifika saa tisa, upepo wa kusi unavuma kwelikweli, mchanga unachapa miguu. Nikamwona kabla hajaniona. Amesimama ukingoni, mkanda mpana kiunoni, mkononi fimbo fupi yenye nyuzi nne ndefu kuliko nguzo mbili za umeme zikiungwa. Mwisho wa nyuzi, mwenzake ameshika tiara iliyojazwa hewa kwa pampu. Mdogo wangu akainua dole gumba. Mwenzake akaachia. Tiara ikapanda na mlio wa turubai la lori lililofunguka kamba barabarani.

Nilisahau hotuba.

Kwa sababu tiara naijua, jamani. Kila Julai, baada ya shule, tulizitengeneza kwa fito na mifuko ya rambo, kabla haijapigwa marufuku mwaka 2019. Uzi tuliufumua kwenye magunia ya mbolea. Yeye ndiye aliyekuwa fundi. Siku moja uzi wake ulikatika, tiara ikavuka mpaka, ikaenda zake Nakonde bila pasipoti. Alilia mpaka taa zikawashwa. Mimi, dada mtu, nikamwambia anyamaze, ni mfuko tu huo.

Sasa alikuwa anakata maji. Akiivuta fimbo kwake, tiara inashika upepo na ubao unakimbia. Akiilegeza, mwendo unakufa. Alikwenda mbali kuelekea mwambani, anageuka, anarudi, anakwenda tena. Mara akaruka. Akakaa juu, sijui kwa muda gani, mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Aliposhuka alishuka vibaya. Tiara ikalala juu ya maji. Kichwa sikukiona.

Nilipiga ukelele. Kando yangu alikuwa mama mmoja ametoka baharini na mzigo wa mwani, amekaa anapumzika kwa kuwa maji yameanza kujaa. Hata hakugeuka. "Usikhofu mwanangu, hapo maji ya kiunoni." Akaongeza kwamba yeye hao wa tiara hawapendi, wanamkatia kamba zake za mwani, lakini kuzama hawazami. Ukulima wa mwani pale ulianza mwaka 1989 hivi, nami nikawaza kwamba ile bahari ilikuwa shamba la mtu kabla haijawa uwanja wa mchezo.

Kikatokea kichwa. Akavuta uzi wa upande mmoja, tiara ikajigeuza, ikasimama kwa ubavu, ikanyanyuka ikichuruzika maji.

Alipotoka alinitambua kwa mbali. "Dada! Mbona hukusema unakuja?" Midomo inatetemeka kwa baridi, viganja vigumu kama vya kuli. Nilifungua mdomo niianze ile hotuba, akaniwahi.

"Kile kiwanja, wameshajenga?"

"Wamejenga."

"Nyumba ya bati?"

"Ya bati. Ina na uzio."

Akachuchumaa, akaanza kukunja nyuzi, moja moja, polepole, kama zamani alipokuwa anaogopa zisisokotane. Sikumsaidia. Pia sikumwambia nilichotumwa, na mpaka naandika haya sina hakika kama ulikuwa uoga au nini.

Simu ikaita. Mama.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Ni mzima?"

"Mzima. Kalowa tu."

Kimya. Halafu: "Hizo kelele za nini?"

"Upepo, mama."

"Na huko upo?"

"Upo."

"Haya," akasema. "Mpe simu."