Nilikula Chakula Kilichopikwa na Mashine

Ndugu msomaji, anayekupikia nyumbani unamjua. Unajua mikono yake. Unajua kisima anachochota maji. Je, ukipewa chakula kilichopikwa na mashine, utakula?

Mimi nimekula. Mwaka 2023 nilikwenda kwenye mafunzo ya kilimo katika jimbo la Guangdong, kusini ya China. Siku moja tulipelekwa Shunde. Mji huo unasifiwa China nzima kwa wapishi hodari. Mwaka 2020 ilifunguliwa huko hoteli kubwa ya chakula yenye roboti zaidi ya 40. Roboti ni mashine inayofanya kazi ya mtu kwa kufuata maagizo iliyowekewa. Sisi tulikula katika hoteli nyingine, ndogo.

MASHINE INAVYOPIKA

Mashine niliyoiona ina sufuria mfano wa pipa dogo lililolazwa. Kijana mmoja alitia ndani nyama na mboga zilizokwisha kukatwa. Akabonyeza kitufe. Pipa likapata moto, likaanza kuzunguka. Mafuta na chumvi viliingia vyenyewe, kwa kipimo. Baada ya dakika chache pipa liliinama, likamwaga chakula kwenye sahani. Kisha likajiosha kwa maji.

WATU WANASEMAJE?

Vijana wa meza ya jirani walifurahi. Mmoja alisema, "Chumvi ya leo ndiyo ya kesho. Tena halidondoki jasho la mtu."

Lakini mzee mmoja hakumaliza sahani yake. Yeye alikuwa mpishi kwa miaka mingi. Kwa njia ya mkalimani alituambia kuwa watu wa Guangdong hupenda chakula chenye "pumzi ya karai". Maana yake ni harufu nzuri inayotokana na moto mkali na karai lililozoea kazi.

"Hiki kimeiva," alisema, "lakini hakina pumzi." Kisha akauliza, "Nikiumwa tumbo, nimwulize nani?"

Mimi nilikiona chakula kitamu. Lakini swali la mzee halikunitoka. Nilimtazama tena yule kijana. Aliona jani lililooza, akalitupa. Mashine ile isingelitupa.

NYUMBANI KWETU

Niliporudi kijijini niliwasimulia watu. Mama mmoja akauliza, "Bwana shamba, hiyo mashine inaonja?" Wote tukacheka. Nikamjibu, "Hapana mama. Ile haionji wala hainusi. Inapika inachopewa."

Ndugu wakulima, sisi nasi tuna mashine za kusaga. Zamani bibi zetu walisema unga wa mashine si mtamu kama wa jiwe. Leo tumeuzoea. Lakini mashine ya kusaga nayo inasaga inachopewa. Ukiipa mahindi yenye ukungu, itakupa unga mweupe, na ukungu hutauona tena.

Mwaka 2016, katikati ya nchi yetu, watu 20 walikufa kwa sumukuvu. Hiyo ni sumu ya ukungu iliyokuwa katika mahindi yao. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo.

Basi, kausha mahindi vizuri. Yaweke juu ya chaga, yasiguse udongo. Kabla ya kwenda mashineni, yachague. Punje zenye ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi, zitoe. Usiwape watoto, wala kuku.

Mashine na isage. Hata kupika, na ipike. Lakini mwenye macho ni wewe. Mtoto wako akiumwa tumbo, hataiuliza mashine. Atakuuliza wewe.