Tuijie Swala kwa Utulivu

Tulilala katika kijiji kimoja wilayani Mkuranga, kwa ndugu zetu katika imani. Kabla ya alfajiri tukatoka kwenda msikitini, ulio ng'ambo ya barabara kuu iendayo Kibiti, Lindi na Mtwara. Kiza kilikuwa kingali kizito, taa hapakuwa, na malori yalipita kwa kishindo.

Mzee mwenyeji wetu alituongoza kwa upande wa kulia, tukiyaelekea magari yajayo, kwani nchini mwetu magari hushika kushoto. "Lijalo usoni utaliona," akatwambia. "La mgongoni, ukilisikia umeshachelewa." Kanzu zetu nyeupe zilionekana kwa mbali, kina mama waliovaa mabuibui meusi walishika tochi.

Mara ikasikika iqama. Kijana mmoja akaipandisha kanzu yake, akavuka mbio. Lori likapiga honi ndefu. Akanusurika kwa shibiri moja. Sote tukanyamaza.

Baada ya swala mzee akamshika mkono, akamkumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuiendee swala kwa utulivu, tusikimbie hata tuisikiapo iqama, tunachokiwahi tukiswali, kilichotupita tukikamilishe. "Mwanangu, rakaa iliyokupita utaikamilisha. Roho je?"

Maneno hayo tulirudi nayo nyumbani. Msikiti wetu nao u kando ya barabara, na watoto wa madrasa huivuka kila siku. Kamati imeafikiana kuongeza dakika 5 baina ya adhana na iqama. Wazazi, tunawaomba nanyi mtoke mapema, na mwashike watoto mkono.