Viwili vya Nyongeza

Duka la kona limevunjwa. Nilikuwa napita Ngamiani kwa shughuli nyingine kabisa, nikakuta bati limeezuliwa na ukuta wa mbele, ule wa miti na udongo, umelala barazani. Nasikia panapanda ghorofa. Mjukuu wangu wa miaka 12 akataka kujua kwa nini tumesimama juani. Nikamwambia hapa ndipo nilipojifunzia kucheza vyumba.

"Vyumba ndiyo nini, babu?"

Nikamweleza: nukta, penseli, mistari.

"Aa, sifuri na eksi! Ule si unatoka sare kila siku?"

Nilikasirika kuliko ilivyostahili. Sifuri na eksi ni mchezo wa darasa la pili. Wakikutana wawili wenye akili, hakuna anayeshinda. Vyumba hauna huruma hiyo. Unaweka nukta, nne kwa nne. Kila mmoja kwa zamu yake anaunganisha nukta mbili jirani, kwa mlalo au kwa wima. Anayeziba ukuta wa nne wa chumba anaandika herufi yake ndani, kisha analazimika kuchora tena. Nukta 16, vyumba 9. Sare haiwezekani.

Aliyetufundisha ni mwenye duka, tuliyemwita Mzee wa Kona. Duka lake lilinuka mafuta ya taa kwanza, halafu papa mkavu, halafu sabuni ya mche, kwa mpangilio huohuo, na ukinunua chumvi ulikwenda nayo nyumbani pamoja na harufu zote tatu. Penseli yake ilikaa sikioni, fupi kama kidole gumba. Aliishusha ama kuandika deni ama kuweka nukta. Ilikuwa miaka ile ya foleni. Rafu zimebaki na majani ya chai na viberiti, na mwenye duka asiye na sukari ana muda mwingi. Tulichorea karatasi ya kaki, ile ya kufungia bidhaa. Ukimshinda, peremende. Akikushinda, unafagia baraza. Baraza ile niliifagia karibu mwaka mzima.

Kilichoniponza ni pupa. Mwanzoni kila mtu anakwepa kuchora ukuta wa tatu wa chumba chochote, maana anayeuchora anamwandalia mwenzake. Mwisho kuta salama huisha, na karatasini hubaki shoroba tu, vyumba vilivyofuatana, kila kimoja kimekosa kuta mbili. Tuseme ushoroba mmoja una vyumba 4, mwingine 5. Mwenye zamu hana budi kufungua mmoja. Akifungua wa 4, mwenzake mwenye pupa anavizoa vyote, anacheka, halafu anakumbuka kwamba zamu bado ni yake na hapana pa kuchora ila kwenye ule wa 5. Nne kwa tano: shika ufagio.

Mzee hakuzoa. Nilipomfungulia ule wa 4, alichukua viwili, akauruka ukuta uliofuata, akaenda kuziba mwisho wa ushoroba. Vikabaki vyumba viwili vilivyoungana, vimekosa ukuta mmoja tu wa katikati. Nikadhani ni macho ya utu uzima.

"Mzee, umesahau viwili."

"Chukua. Nyongeza yako hiyo."

Nikachora mstari mmoja, nikapata viwili kwa mpigo, na zamu ikabaki mkononi mwangu kama kaa la moto. Nikamfungulia ule wa 5. Huo hakumwachia mtu kitu. Saba kwa mbili.

Nyongeza lilikuwa neno lake la kazi. Hata ukinunua robo ya maharage, mizani ikishatulia aliongeza konzi juu. Wenye maduka wengine walimcheka, na wateja wao walivuka barabara mbili kuja kwake.

Jambo la pili sikuliona upesi. Alipoanza yeye, shoroba ndefu, za vyumba vitatu au zaidi, ziliishia kuwa mbili. Nilipoanza mimi, ziliishia kuwa moja au tatu, na hata kama ilimbidi anipe chumba kimoja mapema ili kuigeuza hesabu, alinipa. Miaka mingi baadaye nikaikuta kanuni ileile katika kitabu cha Elwyn Berlekamp, profesa wa hisabati wa Marekani, kilichotoka 2000: kwenye nukta 16, anayeanza atafute shufwa, anayefuata atafute witiri. Mchezo wenyewe ulichapishwa Paris na Édouard Lucas, 1889. Sawa. Kwangu ulianzia juu ya gunia tupu la mchele.

Sukari ikarudi. Mzee akafariki 1991. Mwanawe anasema 1990, tusigombane. Duka likawa la vocha, likawa la chipsi, likafungwa. Kaki ilifukuzwa na mifuko ya plastiki, plastiki nayo ikapigwa marufuku 2019, na hii mifuko ya sasa haishiki penseli. Mjukuu akanionyesha michezo kwenye simu. Ukielekea kushindwa unabonyeza "anza upya", na aibu yote inafutika. Hakuna anayefagia chochote.

Tukakaa juu ya ule ukuta ulioanguka. Mfukoni nilikuwa na risiti ya petroli, nikaigeuza, nikaweka nukta 16.

"Mkubwa huanza," nikasema.

Alicheza vizuri kuliko nilivyotegemea, akikwepa ukuta wa tatu bila kuambiwa. Kisha kuta salama zikaisha, zikabaki shoroba mbili, akanifungulia ule mfupi. Nikachukua viwili, nikaziba mwisho, nikamrudishia penseli.

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Babu, umesahau viwili."

"Chukua," nikamwambia.