Fizikia ya mwaka wa kwanza, na ile sapu ambayo mama hakuijua

Mnisamehe wadau kwa kupotea. Wiki mbili hizi nilikuwa nakimbizana na habari za barabarani, nikifika nyumbani usiku hata nguvu ya kufungua kompyuta sina. Leo nimepumzika, na kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi.

Mdogo wangu wa kike kachaguliwa kwenda chuo. Fizikia imo kwenye masomo yake, ile yenye kalkulasi ndani. Kaniandikia WhatsApp: "Kaka, hivi fizikia ya chuo ikoje? Mama anasema wewe ulipita kama maji."

Kama maji! Nikakaa na simu mkononi karibu nusu saa nisijue nianzie wapi. Kwa sababu mimi fizikia ya mwaka wa kwanza niliikamata sapu. Na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kujua. Mwaka 2019 nilimwambia mama nabaki Dar kwa ajili ya mafunzo ya vitendo, naye akauza debe la maharage akanitumia shilingi 60,000. Mafunzo gani? Nilikuwa nalala kwa kubebana chumbani kwa rafiki, napiga msuli wa mtihani ambao wenzangu walishaumaliza.

Haya, sasa nimeshasema. Tuje kwenye swali lenyewe.

Niliingia chuo 2018 nikitokea PCM, kifua mbele. Sekondari nilikuwa nazijua fomula zote, unanipa namba tatu nakutafutia ya nne. Kwenye kitabu cha chuo nikakutana na Newton yule yule, mteremko ule ule, jiwe lile lile linarushwa juu. Nikasema, aa, hii naijua. Wiki tatu za kwanza nikawa naingia lekcha kwa kuchagua. Hapo ndipo kozi hii inapowamaliza watu wengi: mwanzoni inafanana na kitu ulichokwisha kukisoma.

Tofauti iko hapa. Sekondari karibu kila kitu kimetulia. Kani ni ile ile mwanzo hadi mwisho, mchapuko haubadiliki, kwa hiyo unazidisha tu. Chuo wanaondoa huo utulivu. Chukua tone la mvua. Likidondoka kutoka mita 1,000 na ukatumia fomula ya sekondari, utapata linafika chini na mwendo wa mita 140 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 500 kwa saa. Mvua ya namna hiyo ingetoboa mabati na vichwa vyetu. Kumbe hewa inalizuia, na inalizuia zaidi kadiri linavyoongeza mwendo, hadi uzito wake na ukinzani wa hewa vinalingana na mwendo unaacha kuongezeka. Tone kubwa linatufikia na mita kama 9 tu kwa sekunde. Sasa kuandika hesabu ya kani inayobadilika kila nukta kwa sababu mwendo unabadilika, na mwendo unaobadilika kwa sababu ya kani hiyo hiyo, huwezi kwa kuzidisha. Hapo ndipo unapoihitaji kalkulasi. Na si kwamba wamekuja kutukomoa nayo. Newton mwenyewe aliitengeneza miaka ya 1660 akiwa anahangaika na maswali ya namna hii hii, ingawa Leibniz ndiye aliyetangulia kuichapisha, 1684.

Swali lililonimaliza kwenye testi ya kwanza nalikumbuka mpaka leo. Ndoo ya kilo 10 inavutwa kutoka kisima cha mita 20 kwa mnyororo wenye kilo nusu kila mita. Tafuta kazi iliyofanyika. Mimi nikaona rahisi: mnyororo ni kilo 10, ndoo kilo 10, jumla 20, zidisha kwa 9.8, zidisha kwa mita 20. Jibu jouli 3,920. Nikatoka nje wa kwanza, nikanunua na soda.

Jibu ni 2,940. Mtu yeyote aliyewahi kuchota maji kisimani anajua kwamba ndoo inakuwa nyepesi kadiri inavyokaribia juu, kwa sababu mnyororo unaoning'inia unazidi kuwa mfupi. Mimi nimekua nikichota maji kisimani! Mikono yangu ilikuwa inajua jibu, kichwa kikakimbilia fomula. Ilitakiwa nikate ile safari vipande vidogo vidogo, kila kipande na uzito wake, kisha nijumlishe. Ndiyo kuintegreti kwenyewe huko, hakuna uchawi. Kalkulasi nilikuwa naiweza kwenye somo la hesabu. Ila hakuna aliyeniambia "hapa itumie", na mimi sikujiuliza.

Kwa hiyo mdogo wangu, utakapopewa swali, usitafute fomula kwanza. Chora. Weka mishale ya kani zote. Jiulize nini kinabadilika na nini hakibadiliki. Fomula ije mwisho.

Kuna na hili la kuelewa kwa mdomo. Lori la mchanga limegongana na bodaboda. Nani kampiga mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Darasani tuliisoma sheria ya tatu ya Newton kwa Kiingereza kama dua, lakini ukituuliza hivyo kwenye vimbweta, nusu ya kundi wanasema lori. Kani ni sawa sawa, ila bodaboda ana uzito mdogo ndiyo maana anarushwa. Tusijione wajinga peke yetu. Mwaka 1992 Hestenes, Wells na Swackhamer walichapisha kule Marekani jaribio liitwalo Force Concept Inventory, maswali ya kuchagua yasiyohitaji hesabu hata moja. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake maswali ya aina hiyo akidhani ni mepesi mno kwao, akakuta watu wanaomaliza hesabu ngumu wanajikwaa hapo. Akaanza kuwaacha wajadiliane na jirani darasani badala ya kuhutubia saa nzima, na 1997 akaandika kitabu kuhusu njia hiyo.

Nilipolisoma hilo, nikiwa tayari ni mwandishi, nilicheka. Maana kilichoniokoa kwenye sapu kilikuwa hicho hicho. Rafiki yangu aliyenipa kitanda alinikataza kushika desa. Kila jioni ananikalisha kwenye kimbweta, ananiambia nimweleze swali kwa Kiswahili, bila kalamu. Nikishindwa kulieleza, haturuhusiwi kulikokotoa. Wiki ya kwanza nilimchukia.

Maabara sitasema sana. Utapima pendulamu, utatafuta 9.8, na kishawishi cha kupika data kitakujia. Usipike. Sisi tulipika, tukapata 9.80 safi kabisa kwa saa ya kubonyeza kwa kidole, msimamizi akaangalia karatasi akatabasamu tu, akaturudisha kuanza upya. Jibu lisilosema limekosea kwa kiasi gani halina thamani pale.

Mzunguko ndio utakaokutesa kuliko yote katika mekanika, jiandae. Na umeme na sumaku ukifika, ile sheria ya Gauss, utatamani uwe umezielewa vekta mapema. Bumu likitoka usilimalize lote kwenye chipsi, piga kopi ya maswali ya miaka ya nyuma.

Watu huniuliza hiyo fizikia inanisaidia nini gazetini. Kuna siku inasaidia. Juzi dereva mmoja ananiambia alikuwa na 100 "badala ya 50, mara mbili tu". Kwa breki zile zile, mwendo mara mbili unataka umbali mara nne ili usimame. Niliiweka kwenye habari, mhariri akaiacha. Basi nikafurahi siku nzima.

Haya yote nilimrekodia mdogo wangu kwa sauti, dakika kumi na kitu, pamoja na habari ya sapu na ya maharage. Nikamwomba abaki nayo mwenyewe.

Hakubaki nayo. Asubuhi mama kapiga. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Akauliza:

"Sasa huo mtihani, uliupita?"

"Niliupita mama. C."

Kimya. Nikasikia anamwambia mtu pembeni, "Kapita." Kisha akaniambia maharage yale yalikuwa ya mbegu, na kwamba kile kitabu changu kikubwa nimtumie mdogo wangu, maana vitabu ni ghali.

Ni Young na Freedman, toleo la zamani, jalada limeshachanika. Kesho alfajiri nakipeleka Mbezi kwenye basi la Mbeya.