Kandanda ya Kuzunguka Mlima

Ukiwa na kijana chuoni Nyeri, usimuulize alama za mtihani pekee. Muulize pia timu yao ina pointi ngapi.

Chuo cha Dedan Kimathi kilipata hati ya kuwa chuo kikuu mnamo 2012. Chuka, Karatina na Meru wakafuata 2013, kisha Embu na Kirinyaga 2016. Hivyo majirani wameuzunguka Mlima Kenya, na wakikutana uwanjani hakuna anayependa kushindwa na jirani.

Nyeri hadi Karatina ni mwendo mfupi wa matatu. Lakini Meru! Unapita Nanyuki, unapita Timau kwenye baridi kali, na vijana hushuka garini miguu imekufa ganzi. Kwangu mimi, sare ya ugenini Meru ni tamu kuliko ushindi wa nyumbani, ingawa ya kwanza huleta pointi moja na wa pili tatu.

Mpwa wangu ni beki wa kushoto, mwaka wa nne, na huu ndio msimu wake wa mwisho. Msimu uliopita walikosa nafasi ya kwanza kwa pointi moja, baada ya sare ya bila kwa bila katika matope ya Aprili. Mama yake, dada yangu, hushikilia kwamba mpira haulipi karo. Kweli, haulipi. Hajawahi kumwona kijana akicheza hata mara moja.

Mechi ya mwisho ni Karatina. Juzi dada aliniuliza nauli ni pesa ngapi.