Wanaume wa Usinge Wanajua Kupika

Nianze na jambo ambalo wengi kwetu Usinge, mkoani Tabora, watanibishia: wanaume wa Unyamwezi ni wapishi tangu zamani. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wapagazi wetu walikaa njiani kwa miezi, na wengi wao hawakufuatana na wake zao. Jioni walijigawa vikundi vikundi kambini, huyu kuni, yule maji, mwingine chungu. Hakuna aliyepungukiwa uanaume kwa kusonga ugali. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba mwanaume wetu hakuumbiwa jiko, sikubali.

Hapa Göteborg tunakoishi, mume wangu, mzaliwa wa Usinge, amebaki na mwanetu nyumbani kwa miezi. Anamwogesha, anampikia uji, anajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Wengi wakisikia hivyo husema Wazungu ndivyo walivyo. Sivyo. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani, mwaka 1974, kuwapa baba na mama kwa pamoja likizo ya malezi yenye malipo, na miaka ya mwanzo wanaume wengi wa huku hawakuigusa. Walimwachia mama karibu siku zote. Mwaka 1995 sheria ikatenga mwezi mmoja wa kila mzazi: baba asipouchukua, unapotea. Hapo ndipo wengi wakaanza kubaki nyumbani. Leo ni siku 480 kwa kila mtoto, na kila mzazi ana siku 90 ambazo hawezi kumpa mwenzake. Hata sasa akina baba huchukua karibu theluthi tu ya siku zote. Hii ni kazi ya sheria na fedha, haikuja na damu yao.

Sasa njoo Usinge msimu wa tumbaku. Wifi yangu anaamka kabla ya jogoo, anachota maji, anakwenda shamba na mtoto mgongoni kuchuma majani sambamba na mumewe. Mchana wanakaa kivulini kuyafunga kwenye fito. Kaka yangu naye si mvivu, maana usiku ndiye anayekesha kwenye bani la kukaushia tumbaku akichochea moto na kuangalia kipimajoto, na kazi hiyo inachosha kwelikweli. Lakini nilimwona wifi alipomaliza kufunga fito ya mwisho. Aliinuka, akanyoosha kiuno, akaenda kuwasha jiko la chakula cha vibarua, mtoto bado mgongoni. Kaka alijilaza kusubiri zamu yake ya usiku. Wifi zamu yake haina mwisho. Na malipo ya tumbaku yakija kupitia chama cha msingi, yanaingia kwa jina la kaka.

Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Uamuzi mkubwa, naushukuru hadi leo. Ila hesabu hiyo hupigwa siku ya kugawana mali, ndoa ikishavunjika. Kwa nini mwanamke asubiri talaka ndipo jasho lake lihesabiwe?

Kinachoniuma zaidi ni sisi tulio nje. Tukienda likizo Usinge, mume wangu huyohuyo anakaa chini ya mwembe na kaka zake, nami naingia jikoni. Hakuna aliyemwamuru. Anaogopa kuambiwa amelishwa limbwata.

Akina baba mnaorudi nyumbani Desemba, nawaomba: mwogesheni mtoto uani, mchana, mbele ya baba zenu na wapwa zenu. Vijana wa Usinge wanawatazama ninyi kuliko wanavyosikiliza semina. Na ninyi wabunge wetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 na baba siku 3. Siku 3 hazitoshi hata kujifunza kumbeba mtoto, tena ni za mwenye ajira. Mkulima wa tumbaku hana hata moja. Jambo hili lipelekeni bungeni.